Kisu na Unene Uliokithiri: Jinsi Aina za Upasuaji Zilivyozaliwa

Mgonjwa wa unene uliokithiri anayefika leo katika kliniki ya upasuaji huelezwa njia tatu au nne za kupunguziwa uzito kwa kisu, na kwa kuwa huelezwa zote katika kikao kimoja, ni rahisi kudhani kwamba zilibuniwa pamoja, kila moja kwa ajili ya mgonjwa wa aina yake. Historia yake haikwenda hivyo. Karibu kila njia iliingia kwa sababu iliyoitangulia ilikuwa imewadhuru watu, na makovu ya madhara hayo bado yanaonekana katika umbo la ile iliyofuata, kiasi kwamba asiyejua kilichoharibika mwanzoni hawezi kuelewa kwa nini madaktari wa leo wanaikimbilia njia hii na kuiogopa ile.

Unene unaozungumziwa hapa hupimwa kwa uwiano wa uzito na urefu, yaani uzito wa mtu kwa kilo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 109 ana uwiano wa 40, na hicho ndicho kiwango ambacho mkutano wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani wa mwaka 1991 ulikiweka kuwa mlango wa upasuaji, au 35 kwa mwenye ugonjwa mzito ulioletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu vilikiteremsha kiwango hicho hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine. Ili kuona kwa nini walithubutu kukiteremsha, inabidi kurudi nyuma hadi miaka ya 1950.

Mwaka 1954 Arnold Kremen, John Linner na Charles Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa mbwa, wakitaka kujua ni sehemu gani ya utumbo mwembamba inayofyonza nini. Waligundua kwamba mnyama aliyepoteza sehemu ya juu aliendelea vizuri, ilhali aliyepoteza sehemu ya chini alishindwa kufyonza mafuta na akakonda. Elimu iliyotafutwa kwa ajili ya kuelewa lishe ikageuka kuwa wazo la tiba: utumbo ukiunganishwa upya ili chakula kiruke sehemu yake kubwa, mtu ataendelea kula na bado atapungua. Huko Los Angeles, J. Howard Payne na Loren DeWind walianza kulitekeleza wazo hilo kwa wagonjwa mwaka 1956. Kwanza waliunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja na utumbo mpana, na kuhara kulikofuata kulikuwa kukali mno hata wakalazimika kuiacha njia hiyo. Kisha, katika maelezo yao ya mwaka 1969, waliacha sentimita 35 za mwanzo wa utumbo mwembamba na kuziunganisha na sentimita 10 za mwisho wake. Katika utumbo unaokaribia mita sita, chakula kilibakiziwa chini ya nusu mita ya kupitia.

Uzito ulishuka, na kwa miaka kadhaa mizani ilionekana kuwa shahidi wa kutosha. Kilichofuata kinastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu ndicho kilichouelekeza uwanja huu kwa nusu karne. Mafuta yasiyofyonzwa yalibaki ndani ya utumbo na kuishika kalisi, madini ambayo kwa kawaida huikamata oksalati iliyomo katika mboga na nafaka na kutoka nayo katika haja kubwa; oksalati ikakosa wa kuikamata, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye figo na kuganda kuwa mawe. Ile sehemu ndefu ya utumbo iliyorukwa ilibaki ndani ya mwili kama mtaro usiopitisha maji, bakteria wakaongezeka humo, na sumu zao pamoja na utapiamlo zikalishambulia ini, hata baadhi ya wagonjwa wakafa kwa ini kushindwa kufanya kazi miaka kadhaa baada ya operesheni iliyohesabiwa kuwa imefanikiwa. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia hii ilikuwa imeachwa, na wengi waliofanyiwa walirudishwa chumba cha upasuaji ili matumbo yao yaunganishwe kama yalivyokuwa.

Wakati hayo yakiendelea, Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa amekwisha kufuata njia nyingine. Aliona kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo walikuwa wakibaki wembamba, na mwaka 1966, pamoja na Chikashi Ito, alianza kuwafanyia wagonjwa wanene operesheni iliyofuata mfano huo: sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula ilitengwa na kuunganishwa na utumbo mwembamba, na sehemu kubwa ya mfuko ikaachwa mahali pake bila chakula kupita. Huu ndio upasuaji wa mchepuko, kwa maana ileile ya barabara ya mchepuko inayokwepa mji. Katika umbo lake la kwanza nyongo ilipanda na kuunguza kile kifuko kipya, na mwaka 1977 Ward Griffen wa Kentucky aliondoa kasoro hiyo kwa kutumia muungano wenye umbo la herufi Y, ambao asili yake ni César Roux, mpasuaji wa Uswisi wa mwishoni mwa karne ya 19: mkono mmoja wa Y huleta chakula, mwingine huleta nyongo na maji ya kongosho, na vyote hukutana chini. Hakuna mkono unaobaki bila kitu kinachopita, na hilo ndilo lililoutenga mchepuko wa Mason na maafa ya Los Angeles.

Mason mwenyewe hakuridhika. Mchepuko huiruka sehemu ya utumbo inayofyonza madini ya chuma na kalisi, na huvuruga upatikanaji wa vitamini B12, kwa hiyo mgonjwa asiyepata dawa za nyongeza na vipimo maisha yake yote huweza kupungukiwa damu na kudhoofika mifupa. Mwaka 1980 aliuacha uvumbuzi wake na kugeukia operesheni isiyougusa utumbo hata kidogo, ambamo mfuko wa chakula ulibanwa kwa pini za chuma kwa wima na tundu la kutokea likafungwa kwa ukanda ili lisitanuke. Ni nadra kumwona mvumbuzi akikiacha kilichompa jina kwa sababu ya kuwaonea huruma wagonjwa wa miaka ishirini ijayo, na tendo hilo linampa Mason heshima kubwa kuliko uvumbuzi wenyewe. Hata hivyo muda haukumwunga mkono: mistari ya pini ilifunguka, matundu yalisinyaa, na watu walioshindwa kumeza nyama na mboga walihamia kwenye vyakula laini vyenye sukari, uzito ukarudi.

Nicola Scopinaro, huko Genoa, Italia, alirudi kwenye wazo la kuzuia ufyonzaji baada ya kuelewa mahali lilipokosewa. Kuanzia mwaka 1976 aliugawa utumbo katika njia mbili, moja ya chakula na moja ya nyongo, zote zikipitisha kitu muda wote, zikakutana katika sentimita 50 za mwisho. Katika miaka ya 1980 Douglas Hess wa Ohio aliibadili njia hiyo kwa kuubakiza mlango wa chini wa mfuko wa chakula. Hakuna aina nyingine inayopunguza uzito kuliko hizi, na hakuna inayodai zaidi pia: protini, vitamini A, D, E na K, na vipimo vya damu visivyokoma. Kwa mtu anayeishi mbali na maabara, nguvu hiyo ni hatari, na mpasuaji anayeisifia bila kuuliza mgonjwa anaishi wapi hajaisoma historia ya kazi yake.

Mwaka 1993 katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, Mitiku Belachew, daktari mzaliwa wa Ethiopia aliyechunga mifugo utotoni, alifanya kwa matundu madogo, bila kupasua tumbo wazi, operesheni ya kwanza ya kufunga mfuko wa chakula kwa mkanda unaorekebishika. Mkanda huo ni pete ya silikoni yenye puto upande wa ndani, iliyounganishwa kwa mrija na kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari akikichoma kwa sindano na kuingiza maji ya chumvi, pete hubana, akiyanyonya hulegea. Hakikatwi kitu na mkanda huweza kutolewa, na kwa wagonjwa waliokuwa wamesikia habari za ini na figo hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Baada ya miaka, hata hivyo, mikanda mingi iliteleza au kulika kuingia ndani ya mfuko, na leo hutolewa mingi huku ikiwekwa michache.

Jambo lililobadilisha maana ya kazi yote lilitoka North Carolina. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 608 waliofanyiwa mchepuko, na kati ya 146 waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, 121 sukari yao ilirudi katika hali ya kawaida, mara nyingi ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha maana. Udogo wa mfuko peke yake usingeweza kuleta hayo. Ilionekana kwamba utumbo ni kiungo kinachotoa homoni, na kwamba kubadili njia ya chakula ni kubadili ujumbe unaopelekwa kwenye kongosho na ubongo. Huko Sweden, utafiti ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström ulifuatilia wagonjwa kama 2,000 waliopasuliwa na idadi kama hiyo wasiopasuliwa. Kura ya bahati haikutumika kuwagawa kwa sababu wakati huo kifo cha upasuaji kilihofiwa mno. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha vifo vichache kwa waliopasuliwa, na baada ya miaka kumi waliofanyiwa mchepuko walikuwa bado wamepungua asilimia 25 ya uzito wao, wa pini za Mason asilimia 16, na wa mkanda asilimia 14.

Njia inayofanywa zaidi duniani leo ilipatikana bila kukusudiwa. Michel Gagner, akifanya kazi New York karibu na mwaka 2000, aliona kwamba wagonjwa wazito kupita kiasi hawangestahimili operesheni ya Hess kwa mara moja, akaigawa katika hatua mbili. Katika hatua ya kwanza mrija wenye unene wa kidole hupitishwa mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula, na mpasuaji huukata mfuko kwa kuufuata mrija huo kutoka chini kwenda juu, akiondoa karibu robo tatu yake. Kinachobaki hufanana na mkono wa shati. Baadhi ya wagonjwa walipungua kiasi cha kutohitaji hatua ya pili. Sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, na utumbo hauguswi.

Uchaguzi wa leo, basi, mara nyingi ni kati ya mkono wa shati na mchepuko, na majaribio mawili ya mwaka 2018, la Finland na la Uswisi, yaliwagawa wagonjwa kwa kura na kuwafuatilia miaka mitano. Mchepuko ulipunguza uzito zaidi kidogo. Tofauti kubwa ilikuwa kiungulia: katika jaribio la Uswisi kilizidi kwa asilimia 32 ya waliokuwa nacho kabla ya kukatwa mkono wa shati, na kwa asilimia 6 tu ya wenzao wa mchepuko, kwa sababu mfuko uliogeuzwa kuwa bomba jembamba hubana na kuisukuma asidi juu kwenye koo. Mgonjwa wa aina hiyo asipotulizwa na dawa hurudishwa mezani, bomba lake likakatwa karibu na juu na kuunganishwa na utumbo kwa ile herufi Y, na kuanzia siku hiyo hupewa orodha ya chuma, kalisi na B12, ileile iliyomfanya Mason auache mchepuko.