Hewa ya Ukaa ya Rungwe
Matwebe, wilayani Rungwe, iko katika nchi ya volkano. Mlima Kyejo ulilipuka mara ya mwisho yapata 1800, lakini hewa ya ukaa bado inapanda kupitia nyufa za miamba. Ikiyeyuka majini huyatia asidi.

Kwenye baadhi ya chemchemi gesi hiyo hufanya maji baridi yatoe mapovu kana kwamba yanachemka.

Baadaye gesi hiyo ikawa biashara: kampuni ya TOL huivuna Ikama na kuviuzia viwanda vya vinywaji.

Lakini hewa hii inaweza kuua: mwaka 1986, hewa ya aina hiyo ilifumuka kutoka Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu wapatao 1,700. Huku Rungwe, Ziwa Ngozi nalo huipokea. Lipimwe kila mwaka.