Filamu Bubu na Pwani Yenye Kauli



Mwaka 1928 ulikuwa na matukio mawili ambayo ningependa tuyatazame kwa pamoja. Kwanza, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, baada ya suala la lugha ya elimu kujadiliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1925. Pili, kampuni ya Kimarekani ya Metro-Goldwyn-Mayer ilitoa filamu bubu iitwayo West of Zanzibar, chini ya mwongozaji Tod Browning.

Filamu hiyo ni tamthilia ya mapenzi na kisasi. Phroso, mfanya mazingaombwe aliyeigizwa na Lon Chaney, anaporwa mkewe na mfanyabiashara wa pembe za ndovu, kisha analemazwa miguu. Kwa miaka mingi anamtesa binti anayemdhania kuwa wa hasimu wake, kumbe ni damu yake mwenyewe.

Sasa tujiulize: magharibi ya Zanzibar kuna nini? Kuna Mrima: kuna Bagamoyo na, kusini yake, bandari yetu hii. Huku gazeti la Mambo Leo lilikuwa likisomwa kwa Kiswahili tangu 1923. Katika filamu, hata hivyo, Mrima ni pori la ngoma za kutisha, na maandishi yanayokatiza picha ni ya Kiingereza.

Yamkini mtu atasema kuwa ububu huo ulitokana na uchanga wa teknolojia tu. Hoja hiyo haitoshi. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa Vugiri, Usambara, ulipiga picha zisizo na sauti, kisha ukaambatanisha maelezo katika santuri, yakiwemo ya Kiswahili. Lugha ilisikika, lakini ilikuwa lugha ya kumfundisha mtazamaji kilimo, afya na kuweka akiba. Kiswahili kilipata sauti kabla ya Mswahili kupewa kauli.

Mapema miaka ya 1950, katika Muhogo Mchungu, Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza mtu wa shamba anayehangaishwa na mji. Filamu ilikuwa bado ya serikali ya kikoloni, lakini mhusika alizungumza mwenyewe.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, historia ya usanifishaji haikamiliki kwa kuuliza ni lahaja ipi iliyochaguliwa. Sharti tuulize pia ni nani aliyeruhusiwa kuizungumza, na mbele ya nani. Mtoto akinyamazishwa, haina maana kwamba hana la kusema.