Mashirika ya haki za binadamu: kazi yao, mipaka yao, na sehemu ya kanisa

Hapa Katoto, kama mahali pengi katika pande za Kamina, mtu akikamatwa na kutiwa kasho, jamaa zake hawaendi kwanza kwa avoka. Avoka ni wachache, na wengi wako mbali. Huja kugonga mlango wa mchungaji. Tunaomba pamoja nao, tunawafariji, na asubuhi tunafuatana nao. Lakini mara nyingi tunafika mbele ya afisa bila kujua la kusema, isipokuwa kuomba huruma. Siku nyingine huruma hupatikana. Siku nyingine huuzwa.

Makala haya ni kwa wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama viongozi na vijana wa makanisa yetu ya mashariki. Tunaeleza mashirika ya haki za binadamu ni nini, yametoka wapi, yanaweza kufanya nini na hayawezi nini. Tunataka pia kuonyesha kwamba kazi yao huanza na ushuhuda ulioandikwa vizuri, na kwamba ushuhuda huo mara nyingi hupita kwanza mikononi mwa kanisa.

Mashirika haya ni nini?

Yako katika kundi kubwa ambalo wengi wetu huliita sosiete sivile, yaani mashirika ya kiraia. Si serikali, si chama cha siasa, wala si biashara ya kutafuta faida. Katika kundi hilo mna vyama vya wakulima, vya akina mama, vya wafanyakazi, na pia makanisa. Yale ya haki za binadamu yana kazi ya pekee: kuchunguza mateso na maonevu, kuandika ripoti, kusaidia walioonewa kufika mahakamani, kufundisha raia sheria zao, na kuikumbusha serikali ahadi ilizoweka kwa mkono wake.

Utawala wa sheria maana yake ni kwamba mkubwa na mdogo wako chini ya sheria moja. Mfalme Ahabu alipotamani shamba la Nabothi, hakukosa karatasi wala mashahidi. Yezebeli aliandika barua, akapiga muhuri wa mfalme, akatafuta watu wawili wa kusema uongo, na Nabothi akauawa kana kwamba ni hukumu ya haki (1 Wafalme 21). Muhuri peke yake, basi, haufanyi jambo kuwa la haki. Lazima awepo mtu wa kuuliza: mashahidi hawa ni nani, na waliona nini?

Katika ulimwengu mashirika ya namna hii ni mengi. Shirikisho la Kimataifa la Haki za Binadamu lilianzishwa Paris mwaka 1922. Tarehe 10 Desemba 1948 mataifa yalikubali Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, na mwaka 1961 Amnesty International ikaanza London ili kuwatetea waliofungwa kwa sababu ya mawazo au imani yao. Mwaka 1974 wanawake wawili Waprotestanti wa Ufaransa walianzisha ACAT, shirika la Wakristo la kupinga mateso. Afrika ina Mkataba wake wa Haki za Binadamu na za Watu, uliokubaliwa mwaka 1981, na Tume yenye makao Banjul, Gambia, inayopokea malalamiko.

Mizizi iko kwetu pia

Wengine husema haki za binadamu ni mambo ya wazungu. Historia ya Kongo inasema zaidi ya hapo. Mwaka 1899, wakati wa Leopold II, misheni ya Presbiteri ya Luebo, Kasai, ilimtuma William Sheppard, Mmarekani mweusi, kuchunguza habari za vijiji vilivyochomwa. Alikuta mikono ya watu iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto. Hakutosheka kulia. Alihesabu: mikono 81. Akaandika.

Mwaka 1908 aliandika tena, katika gazeti dogo la misheni, juu ya mateso ya watu waliolazimishwa kukusanya mpira. Kampuni ya Kasai ikamshitaki kwamba ameichafulia jina. Mwaka 1909 kesi ikasikilizwa Leopoldville, leo Kinshasa. Avoka wake alikuwa Émile Vandervelde, Mbelgiji wa chama cha kisoshalisti. Sheppard akashinda.

Tunajifunza jambo hapo. Wenye nguvu hawakuogopa machozi yake. Waliogopa hesabu na maandishi yake.

Mashirika ya nchi yetu

Mwaka 1983, wakati wa Mobutu, Floribert Chebeya alianzisha La Voix des Sans-Voix, sauti ya wasio na sauti. Mwaka 1991 ilianza ASADHO. Mwaka huohuo, Bukavu, ikaanza Héritiers de la Justice, yaani Warithi wa Haki, kazi ya makanisa ya Kiprotestanti kwa ajili ya haki za binadamu na amani. Katika Katanga ya zamani, ACIDH ya Lubumbashi ilijulikana kwa kupigana na desturi ya watu kufanya ubaya bila kuadhibiwa.

Kazi hii imegharimu damu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2005, Pascal Kabungulu Kibembi, katibu mtendaji wa Héritiers de la Justice, aliuawa nyumbani kwake Bukavu. Mwezi wa Juni 2010 Chebeya aliitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa, na kesho yake akakutwa amekufa ndani ya gari. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakurudi kamwe kwa jamaa yake. Polisi kadhaa walihukumiwa katika kesi zilizofuata, ya mwisho mwaka 2022, miaka 12 baada ya kifo. Tunapowaita watu hawa «watafuta fedha», tuyakumbuke majina haya.

Kesi tatu za kutufundisha

Kilwa. Mwezi wa Oktoba 2004 waasi wachache waliingia Kilwa, katika eneo la Pweto. Jeshi likarudisha mji, na watu zaidi ya 70 wakafa, wengine wakiuawa bila hukumu yoyote. Magari ya kampuni ya madini ya Anvil Mining yalitumika. Kampuni ilisema jeshi liliyachukua kwa nguvu. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washitakiwa kwa mambo ya Kilwa. Wengi wangefunga daftari. ACIDH na wenzake wa nje hawakulifunga: mwaka 2010 walipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2017 ulisema serikali ya Kongo ina hatia, na kwamba iwalipe wahanga 8 na jamaa zao dola milioni 2.5 za Marekani. Uamuzi huo ulijengwa juu ya majina, tarehe na maneno ya mashahidi yaliyotunzwa kwa miaka mingi.

Kavumu. Katika kijiji hiki cha Kivu ya Kusini, wasichana wadogo karibu 40 walichukuliwa usiku kutoka nyumba zao wakabakwa, kati ya 2013 na 2016. Kikundi kilichofanya hivyo kilijiita Jeshi la Yesu, jambo ambalo linapaswa kutuumiza kuliko wote. Waganga wa Panzi walitunza watoto na ushahidi wa kitabibu, na mashirika yakawasaidia jamaa na mavoka kuunganisha kesi zilizokuwa zimetawanyika. Mwezi wa Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa Kavumu kwenyewe. Watu 11, pamoja na mbunge wa jimbo aliyewaongoza, wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Mitwaba. Wenyeji wa Haut-Lomami hawahitaji kuelezwa juu ya Gédéon Kyungu Mutanga. Wengi wao walipokea wakimbizi wa vita vyake. Tarehe 5 Machi 2009, Kipushi, alihukumiwa kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Mwezi wa Septemba 2011 akatoroka gereza la Kasapa, na vijiji vikakimbia tena. Kesi hii inatuonyesha mpaka wa mashirika. Yanaweza kusaidia kupata hukumu. Hayana funguo za gereza.

Hapa Kamina tunakumbuka pia mwaka 2004, wakati Kanisa la Methodiste, chini ya askofu Ntambo Nkulu Ntanda, lilipowaita wakuu wa Mai-Mai na wa serikali kukaa pamoja na kusema amani. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini upatanisho haufuti haki. Zakayo alipookoka aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inatupa maneno ya kusema mbele ya afisa. Kifungu cha 17: mtu huhesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18: aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa, ana haki ya kuwasiliana na jamaa yake au avoka, na polisi hawawezi kumweka kwao zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria wenye uwezo. Kifungu cha 37 kinaruhusu raia kuunda mashirika. Tena sheria ya tarehe 15 Juni 2023 inahusu ulinzi na wajibu wa mtetezi wa haki za binadamu.

Kuuliza juu ya saa 48 si uasi. Mtume Paulo, alipofungwa kamba ili apigwe, alimwuliza akida kama sheria inaruhusu kumpiga Mrumi asiyehukumiwa (Matendo 22). Aliuliza kwa upole, na swali likasimamisha mjeledi.

Kanisa lifanye nini?

Kwanza, tuandike. Kila parokia iwe na daftari linalotunzwa kwa siri na watu wawili waaminifu. Andika jina, mahali, tarehe na saa, ni nani alifanya, ni nani aliona. Tenganisha «niliona» na «nilisikia». Usiongeze chumvi: namba moja ya uongo inaweza kuangusha ukweli wote. Torati yenyewe ilitaka mashahidi wawili au watatu.

Pili, tuombe ruhusa ya mwenye mateso kabla ya kumpa mtu mwingine habari zake. Kutaja jina la mama aliyebakwa kwenye matangazo ya Jumapili ni kumjeruhi mara ya pili. Yeye apelekwe kwanza hospitali, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu kuna dawa za kuzuia UKIMWI zisizofaa baadaye. Na ubakaji usimalizwe kwa mbuzi mbele ya sefu au mbele ya baraza la wazee wa kanisa.

Tatu, tujue shirika tunaloliendea. Kuna mashirika ya mfukoni, yenye muhuri na mtu mmoja tu. Tuuulize: lina hati za sheria na ofisi inayojulikana? Linatetea watu wa makabila na vyama vyote? Linadai fedha kwa mhanga? Linajua kusema «jambo hili hatuna ushahidi wake»? Shirika linaloandika habari za upande mmoja peke yake linafanya kazi ya siasa.

Nne, tujichunguze. Hatuwezi kumwuliza afisa juu ya saa 48 ikiwa sisi wenyewe tunamtenga Mkristo bila kumsikiliza, au tunanyamaza mwanakijiji mzee anapoitwa mchawi na kupigwa. Mtu aliyekosa kweli naye ana haki ya kusikilizwa. Hilo ndilo gumu zaidi kufundisha, kwa sababu sote tunapenda haki ya rafiki zetu.

Mara nyingine mtu atagonga usiku. Tutaomba pamoja naye, kama kawaida. Kisha tutawasha taa, tutachukua daftari, na kumwuliza: alikamatwa saa ngapi?