Msuguano: Kutoka Mbao za Rondo Hadi Kioo cha Simu

Madhumuni ya makala hii ni kufuatilia kwa ufupi historia ya dhana ya msuguano katika ufundi wa mkono, na kuonyesha kwa nini istilahi zake mpya zisitafsiriwe neno kwa neno.

Nyanda za juu za Rondo, mkoani Lindi, zilisifika kwa mivule. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Steel Brothers ilivuna magogo yake huko. Lakini ubora wa mbao hauamuliwi kwa macho peke yake. Seremala akishaipiga randa na msasa, huipapasa. Neno msasa lenyewe ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, yaliyotumiwa kulainishia mbao. Kisha likahamia kwenye karatasi ya dukani. Na kupapasa si kugusa tu: ni kugusa huku mkono ukienda. Nguvu inayouzuia mwendo huo ndiyo sayansi ya shule zetu inayoiita msuguano, kutokana na kitenzi sugua.

Wataalamu wa nchi nyingine nao walianza na mkono. Mwaka 1953 Edward Mallinckrodt wa Marekani na wenzake walieleza kuwa metali laini iliyotiwa umeme huhisiwa tofauti kidole kinapopita juu yake. Sababu ni kwamba umeme huivuta ngozi, na msuguano huongezeka. Mwaka 1995 Watanabe na Fukui wa Japani walionyesha kinyume chake: uso unaotetemeka kwa kasi isiyosikika na sikio hubana utando mwembamba wa hewa chini ya kidole, na msuguano hupungua. Mwaka 2013 Giraud, Amberg na Lemaire-Semail wa Lille, Ufaransa, waliziunganisha njia hizo mbili. Hivyo kioo kimoja kitambarare chaweza kuhisiwa kuwa kinateleza hapa, na kinakwaruza pale.

Hapa ndipo penye mtego. Jina la kigeni la njia ya umeme limebeba ndani yake neno mtetemo. Mfasiri akiandika "mtetemo wa umeme", fundi atatafuta kioo kinachotetemeka, ilhali kioo hicho kimetulia. Kinachotetemeka hasa ni kile cha njia ya hewa. Mwanafunzi naye atadhani njia mbili zinazopingana ni kitu kimoja.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zitaje kazi inayofanyika: uongezaji msuguano kwa umeme, upunguzaji msuguano kwa hewa, na kwa zote mbili pamoja, urekebishaji msuguano. Kioo chenyewe kiitwe kioo cha kupapasa, kwani kidole kikitulia juu yake tofauti hizo hazihisiwi. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao. Neno analolielewa seremala wa Rondo halitampoteza mhandisi.