Maswali magumu ya ushuru wa mapato Kitui na Makueni

KILA mwaka mwezi Juni unapoelekea ukingoni, wakazi wa Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi hutafuta wa kuwajazia ripoti za ushuru wa mapato kabla ya makataa ya Juni 30. Baadhi huwaendea mawakala wenye leseni, wengine wahudumu wa saiba. Yeyote atakayeijaza, anayewajibika mbele ya Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ni mwenye nambari ya PIN. Yafuatayo ni maswali yanayowatatiza wengi.

Ripoti ya sufuri

Ripoti hii ni ya mtu asiyekuwa na mapato yoyote mwaka mzima. Mfanyakazi anayekatwa ushuru na mwajiri hastahili kuitumia, hata kama hadaiwi chochote. Hujaza takwimu zilizo katika fomu ya P9. Aliyejaziwa sufuri kimakosa anaruhusiwa na Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 kurekebisha ripoti yake. Kunyamaza si suluhu, kwa kuwa taarifa za mishahara tayari zimetumwa KRA na waajiri.

Mishahara miwili

Hapa ndipo deni huzuka bila kutarajiwa. Chukua mfano wa mhudumu wa afya mwenye mapato ya kutozwa ushuru ya Sh40,000 kwa mwezi katika kazi moja na Sh30,000 katika nyingine. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, na kila mwajiri akitoa nafuu ya Sh2,400, atakatwa Sh4,383 kwanza na Sh1,500 pili, jumla Sh5,883. Mapato hayo yakijumlishwa, ushuru halali ni Sh13,383, kwa sababu mtu hupewa nafuu moja tu na hupitia viwango vya chini mara moja. Pengo ni Sh7,500 kwa mwezi, yaani Sh90,000 kwa mwaka.

Mwenye deni kama hilo hafai kuificha P9 ya pili. Awasilishe ripoti kamili kwa wakati, kisha aiombe KRA kulipa kwa awamu. Kuchelewa kuwasilisha huadhibiwa kwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kulingana na kilicho kikubwa. Deni lenyewe huongezwa adhabu ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Kodi ya nyumba

Mstaafu mwenye vyumba vya kukodisha vinavyomletea Sh30,000 kwa mwezi hupata Sh360,000 kwa mwaka. Anayepokea kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka kutokana na nyumba za makazi hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kuondoa gharama. Kiwango hicho kilianza Januari 2024. Mstaafu huyo atalipa Sh2,250 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Maembe na ndengu

Mkulima pia ana wajibu. Hata hivyo, kinachotozwa ushuru wa kawaida ni faida, si mauzo. Aliyeuza maembe ya Sh400,000 na kutumia Sh150,000 shambani, bila mapato mengine, ana faida ya Sh250,000. Ushuru wake ni Sh25,000, lakini nafuu ya Sh28,800 kwa mwaka huufuta wote. Bado atawasilisha ripoti, na kuhifadhi rekodi kwa miaka mitano. Mauzo yakizidi Sh1 milioni, huenda akaingia katika ushuru wa mauzo, ambao hautambui gharama.

Kabla ya kuondoka

Wakala mwema huuliza kuhusu kila chanzo cha mapato, hata kile ambacho mteja hakukitaja. Mteja naye adai stakabadhi ya KRA inayothibitisha kwamba ripoti imepokewa, asome takwimu zilizojazwa, kisha abadilishe nywila yake. Anayetilia shaka anaweza kuulizia katika afisi za KRA zilizo kwenye vituo vya Huduma.