Steroidi ya Kuvuta na Kifua cha Moshi: Hoja kutoka Keringet

Keringet iko juu, ukingoni mwa Msitu wa Mau, na baridi yake hufungisha mlango wa jikoni mapema. Kuni zikiwa mbichi, moshi hupanda hadi kwenye paa lililokwisha kuwa jeusi kwa masizi, huku mpishi ameinama akipuliza moto. Tuseme ni mama wa miaka 60, aliyepika hivyo tangu utotoni na hajawahi kugusa sigara. Kila asubuhi anakohoa makohozi. Kupanda hadi shamba la viazi kumemshinda. Apewe steroidi ya kuvuta?

Wengi watasema apewe: mirija yake ya hewa ina mchochota, na steroidi ni dawa ya mchochota. Mimi nasita, kwa kuwa mchochota una aina zake. Katika pumu, mara nyingi zinazotamba ni eosinofili, seli nyeupe ambazo steroidi huzipukutisha. Katika ugonjwa sugu wa kuziba mapafu, ambao huenda ndio unaomsumbua mama huyu, aghalabu ni nutrofili, seli nyeupe za aina nyingine, na hizo steroidi huzirefushia maisha. Peter Barnes na wenzake wa London walionyesha pia kwamba kimeng'enya HDAC2, ambacho steroidi hukitegemea kuzima jeni za mchochota, hupungua kwenye mapafu ya wagonjwa hawa.

Utafiti wa TORCH wa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa wa aina hii zaidi ya 6,000 kwa miaka mitatu. Steroidi ilipunguza vipindi vya kuzidiwa, kweli, lakini peke yake haikupunguza vifo, na walioitumia walipata nimonia zaidi. Tena sharti la kuingia lilikuwa uwe umevuta sigara kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka kumi. Mama wetu angerudishwa mlangoni, ilhali leo ndiyo matokeo tunayomtibu nayo.

GOLD, mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa huu, mwaka 2019 ulileta kipimo cha damu: eosinofili 300 au zaidi kwa mikrolita, steroidi ina nafasi kwa anayezidiwa mara kwa mara; chini ya 100, iachwe. Nakubali, ila minyoo nayo hupandisha eosinofili. Mahali penye minyoo, 350 yaweza kuwa habari ya tumbo. Na kabla ya hayo yote, makohozi yale yapimwe kifua kikuu.

Kinachoniudhi ni kwamba mwenye pumu, ambaye steroidi ni haki yake, huishia na salbutamoli tu. Humfungua kifua kwa saa chache, mchochota ukiendelea chini kwa chini. Mwaka 2019 GINA, mwongozo wa kimataifa wa pumu, iliacha kupendekeza salbutamoli pekee kwa vijana na watu wazima. Steroidi ni ghali zaidi, tena haileti nafuu papo hapo, basi mtu huiacha akidhani haifanyi kazi.

Hata anayeivuta, sehemu kubwa hubaki kooni asipotumia chemba, chombo cha kupitishia dawa kati ya inhela na mdomo. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake, Cape Town, waliwapa watoto waliobanwa na pumu dawa ya kupanua mirija kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita, kitako kimetobolewa na kuzibwa vizuri kuzunguka inhela. Ilifanya kazi sawa na chemba ya kununua. Jina la Keringet, Wakenya wengi walilijua kwanza kwenye chupa ya maji. Chupa hiyohiyo, maji yakishanywewa na kitako kikitobolewa vivyo hivyo, yaweza kupitisha steroidi: mtoto hufumba midomo kwenye shingo yake, anavuta taratibu, kisha anasukutua.