Mvita: Asili ya Jina na Maana Yake katika Ushairi wa Mombasa

Wahakiki wa ushairi wa Mombasa wamezoea kulifasiri jina Mvita, jina la kale la kisiwa hicho, kwa neno vita. Fasiri hii inavutia, na historia yaelekea kuishuhudia. Wareno waliuteketeza mji mwaka 1505, wakaushambulia tena 1528 na 1589. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593 kando ya Mji wa Kale, ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698. Utawala wa Mazrui nao uliangushwa na Sayyid Said mwaka 1837. Hata hivyo, hoja ya makala hii ni kwamba vita ni maana ambayo jina hili limeichuma njiani, wala si asili yake.

Tuanze na sarufi. Katika neno vita, vi- tayari ni kiambishi cha ngeli. Kiswahili kinapounda nomino aghalabu hubadilisha kiambishi, hakipandishi kimoja juu ya kingine: mgeni, kigeni, ugeni. Ndiyo maana mpiganaji huitwa mwanavita, haitwi mvita. Wako pia wanaolihusisha jina na kitenzi fita, yaani 'ficha' kwa Kimvita, kwa kuwa kisiwa kimejibanza baina ya hori na bara. Mbadilishano wa t na ch ni wa kawaida (mato na macho, mtanga na mchanga), lakini Kimvita hutenganisha f na v: kufua nguo si kuvua nguo.

Mapokeo ya wenyeji yana jibu la tatu. Yanasimulia kuwa mji ulianza na Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, kisha akaja Shehe Mvita, mwanzilishi wa nasaba ya Kiislamu. Aidha, miongoni mwa Mataifa Kumi na Mawili ya Waswahili wa Mombasa, Wamvita wamo katika Tisa Taifa. Yamkini shehe mwenyewe aliitwa kwa jina la mji. Iwavyo vyote, mapokeo humweka kabla ya kuja kwa Wareno. Kwa mujibu wake, jina halikuzaliwa na mizinga yao.

Suala hili haliwahusu wanaleksikografia peke yao. Tukisema mji ulipewa jina na vita, tunawapa waliouvamia haki ya kuuita jina. Tukitenganisha asili na maana, twaweza kumsoma Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840) kwa haki zaidi. Aliishi zama ambazo Mazrui walishindana na Sayyid Said, na masikio ya hadhira yake yasingekosa kusikia vita ndani ya Mvita. Jinasi hiyo ni mali ya ushairi, na ihakikiwe hivyo. Isigeuzwe kuwa ushahidi wa historia.